Laptopu ndogo ikiwa nzito, tuanze na diski kabla ya RAM: niliyoyafanya kwenye ThinkPad X230

Mleta mada

Habari za jioni ndugu wanajamvi. Kila mara humu mtu huuliza kama aiuze laptopu yake ndogo kwa sababu imekuwa nzito, na jibu analopewa ni "ongeza RAM" (yaani kumbukumbu ambayo mashine hutumia wakati wa kazi), bila yeyote kumuuliza mashine yenyewe ni ipi, ina diski ya aina gani, na uzito huo huonekana wakati gani. Wapo walionunua RAM kwa fedha ya kujinyima, wakaipachika, na mashine ikabaki vilevile. Hilo limenisumbua kiasi cha kuamua kufungua uzi huu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro. Natumia ThinkPad X230 ya mtumba, yenye kioo cha inchi 12.5, iliyotoka kiwandani kuanzia mwaka 2012. Niliinunua ikiwa na RAM ya GB 4 na HDD, yaani diski ya sahani zinazozunguka, ya GB 320. Mwisho wa muhula uliopita, wakati wa kujaza alama za wanafunzi, nilikuwa naiwasha, nakwenda kuinjika chai, nakunywa, narudi na kukuta bado inahangaika. Leo inawaka na kuwa tayari kwa kazi ndani ya nusu dakika, na sikubadilisha prosesa wala kununua mashine nyingine.

Kabla ya kutoa hata shilingi, fanya kipimo hiki. Washa mashine, usifungue chochote, subiri dakika kumi, kisha fungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha vifaa vinavyotumika, uangalie mistari miwili, wa kumbukumbu na wa diski. Kwangu kumbukumbu ilikuwa imetumika chini ya nusu, lakini diski ilikuwa kwenye asilimia 100 na haikushuka. Hapo RAM haina kosa. Ila ukikuta kumbukumbu imejaa na diski nayo iko juu, usiharakishe kuilaumu diski, kwa sababu RAM ikijaa Windows huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, na diski huonekana mkosaji ilhali imebebeshwa mzigo usio wake. Ndiyo maana nasisitiza kupima ukiwa hujafungua kitu.

Sababu ya HDD kuchelewa inaeleweka ukijua inavyofanya kazi. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka, kwenye laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachosogea kutafuta mahali data ilipo. Kila inapotafuta kipande kilicho mahali pengine, hutumia milisekunde kumi na kadhaa. Kuwasha mfumo endeshi ni kutafuta maelfu ya vipande vidogo vilivyotapakaa, basi milisekunde hizo hujumlika kuwa dakika. SSD, yaani diski ya chipu, haina kinachozunguka wala kinachosogea, na hufikia kipande chochote kwa takribani sehemu ya kumi ya milisekunde. Kwa hiyo tofauti kubwa haiko katika kunakili filamu moja kubwa, iko katika kuwasha, kufungua programu na kutafuta faili, yaani mambo tunayoyafanya siku nzima.

Jambo la pili ni kujua mashine yako inapokea nini. X230 ina sloti mbili za RAM aina ya DDR3, umbo dogo la laptopu, na mtengenezaji ameweka kikomo cha GB 16, yaani GB 8 kila sloti. Kwenye lebo tafuta maandishi PC3-12800, ambayo maana yake ni kasi ya 1600. Ukienda dukani usiseme tu "nataka RAM ya laptopu", kwa sababu utapewa DDR4, ambayo ina pini 260 wakati DDR3 ina 204, na kikato chake kipo mahali tofauti. Haiingii, na ukiilazimisha utavunja sloti. Diski ni ya inchi 2.5, yenye kiunganishi cha SATA na unene wa milimita 7. Baadhi ya SSD huuzwa pamoja na fremu ya plastiki ya kuongeza unene ufike milimita 9.5. Usiibandike, kwa kuwa kwenye X230 haihitajiki na itaizuia diski kuingia.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza data. Kabla sijagusa skrubu nilisoma hali ya HDD kwa programu ya CrystalDiskInfo, nikakuta ule mstari wa sekta zinazosubiri kuhamishwa, yaani vipande vya diski visivyosomeka vizuri, una namba 8 badala ya sifuri. Diski ilikuwa inaanza kufa. Kwa sababu hiyo sikuihamisha nzima kama ilivyo, bali nilinakili mafaili yangu kwenye diski ya nje, nikafungua machache kuhakikisha yanasomeka, ndipo nikaendelea. Naomba hatua hii isirukwe na yeyote. Skrubu hununuliwa, lakini alama za wanafunzi mia mbili au picha za mzazi aliyefariki hazina duka.

Pili, zima mashine kabisa, usiilaze tu. Chomoa chaja, toa betri iliyo nyuma, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma tupu kabla ya kugusa vifaa, na usifanye kazi hii juu ya zulia au blanketi.

Diski ya X230 iko ubavuni. Kifuniko chake kinashikwa na skrubu moja, na bisibisi ndogo ya nyota inatosha. Kifuniko kikitoka utaona kiulimi laini cha plastiki. Ukivute taratibu kwa kukinyoosha, na diski itateleza nje ikiwa na vifito viwili vya mpira kwenye pande zake. Vifito hivyo ni rahisi kuvisahau mezani. Vivue, uvivishe kwenye SSD kwa mwelekeo uleule, kwa sababu ndivyo vinavyoishika diski isicheze. Sukuma SSD ndani mpaka uhisi imekaa kwenye pini, bila kutumia nguvu. Kwa RAM, fungua kifuniko kilicho chini ya mashine. Tanua vibanio viwili vya pembeni kwa kucha za vidole gumba, na kipande cha zamani kitainuka chenyewe kwa mteremko. Kipya nacho kiingie kwa mteremko uleule, kikato kikikutana na kijino cha sloti, mpaka ile mistari ya rangi ya dhahabu iwe imezama karibu yote, ndipo ukilaze hadi vibanio vilie. Mlio ule mdogo wa pande zote mbili ndio ushahidi kwamba kimekaa.

Niliporudisha betri na kuwasha, skrini ilibaki nyeusi na mashine ikatoa milio. Nilishtuka. Kumbe kipande kimoja cha RAM hakikuzama vizuri upande mmoja. Nilikitoa, nikakirudisha, ikawaka. Nikabonyeza F1 kuingia kwenye BIOS, programu ya msingi inayotangulia mfumo endeshi, kuthibitisha kwamba GB 16 zote zimeonekana na SSD imetambuliwa, kisha nikasakinisha mfumo upya.

Kuhusu mfumo, nilichagua Linux Mint, mfumo endeshi wa bure. Microsoft walisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za kizazi cha tatu cha Intel, kama iliyo kwenye X230, hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11. Kwa kazi yangu ya majedwali na mitihani, LibreOffice inanitosha. Aliyefungwa na programu za Windows pekee itambidi apime mwenyewe, ila faida ya SSD ataiona kwenye mfumo wowote.

Karibuni kwa maswali na marekebisho.

Mchangiaji wa Tanga

Ahsante sana mwalimu kwa uzi uliopangika. Nina swali linalonitesa. Nina laptopu ndogo iliyokuwa na GB 2, nikaongeza mpaka GB 8. Kwenye BIOS zinaonekana zote, lakini nikifungua Windows inaandika GB 8, halafu pembeni inasema zinazotumika ni GB 3.4 tu. Fundi aliyeniwekea ameniambia RAM ni mbovu, na muuzaji anasema fundi ndiye aliyeiharibu. Nimekaa katikati yao wiki mbili.

Mleta mada

Ndugu yangu, kwa maelezo hayo huenda hakuna aliyeharibu kitu. Fungua sehemu ya taarifa za mfumo uangalie kama Windows yako ni ya biti 32 au ya biti 64. Windows ya biti 32 kwenye kompyuta zetu za kawaida haiwezi kutumia zaidi ya GB 4, na sehemu ya hizo GB 4 hutengwa kwa ajili ya vifaa vingine, ndiyo maana unabakiwa na tatu na kitu. Ukweli kwamba BIOS inaziona GB 8 unaonyesha vipande vimekaa na vinatambulika. Kama prosesa yako ni ya biti 64, tiba ni kuhifadhi mafaili na kusakinisha mfumo wa biti 64. Huwezi kuugeuza mfumo wa biti 32 ukawa wa 64 bila kusakinisha upya. Nakuomba ufanye ukaguzi huo kabla ya kurudi dukani, kwa sababu ugomvi huu unaweza kuvunja urafiki wa watu wawili wasio na hatia.

Fundi wa Kariakoo

Mwalimu ameandika vizuri, nami nakaa mezani na mashine hizi kila siku, kwa hiyo nitaongezea machache na moja nitampinga.

Ninalompinga ni hili la diski kwanza kama kanuni ya wote. Mteja akiniletea mashine yenye GB 2 na mfumo wa kisasa, nikimwekea SSD peke yake, itawaka haraka, lakini akifungua vivinjari viwili na hati moja kumbukumbu itajaa na mfumo utaanza kuandika kwenye SSD mfululizo. Mashine haitakuwa nzito kama mwanzo, ila SSD itafanyishwa kazi isiyo yake, nayo ina kiwango cha kuandikwa kabla ya kuchoka. Chini ya GB 4 mimi huanza na RAM, au huweka vyote kwa pamoja.

La kuongeza kuhusu RAM ni volti. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, na ile yenye herufi L mwishoni, DDR3L, hutumia 1.35. X230 inapokea zote mbili. Lakini ukienda kwenye mdogo wake, X240, hali inabadilika kabisa. Ile ina sloti moja tu, inataka DDR3L, na kikomo chake rasmi ni GB 8. Halafu ina betri ya pili ndani, ambayo lazima uizime kupitia BIOS kabla ya kufungua, la sivyo unaingiza mikono kwenye bodi yenye umeme. Watu hufananisha majina wakadhani mashine ni zilezile. Mwongozo wa ufundi wa kila modeli ya ThinkPad upo bure kwenye tovuti ya Lenovo, una michoro ya skrubu zote, na mimi mwenyewe bado huufungua.

RAM nyingi za DDR3 zinazouzwa kwetu zimetolewa kwenye mashine zilizokufa. Si vibaya kuzinunua, ila zipimwe. Weka MemTest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washia mashine hapo, uiache ikamilishe angalau mzunguko mmoja mzima. Ikitoa hata kosa moja, rudisha kipande. RAM yenye kosa dogo ni hatari kuliko iliyokufa, maana iliyokufa itakuzuia kuwasha, na hiyo nyingine itakuharibia faili kimyakimya.

Mleta mada

Fundi, nimepokea, na nakubaliana nawe. Nilipaswa kueleza kwamba kanuni yangu inaanzia kwa mwenye GB 4. Kwa mwenye GB 2 hoja yako ina uzito zaidi.

Umenikumbusha jambo ambalo sikuliandika mwanzoni. SSD niliyoweka sasa ni ya pili. Ya kwanza ilikuwa imeandikwa TB 1, na bei yake ilikuwa chini ya zile za GB 480 zilizokuwa pembeni yake. Ningejiuliza swali hapohapo, lakini tamaa ilinishinda. Windows iliionyesha kama TB 1 kweli. Nilipoijaribu kwa programu ya H2testw, ambayo huandika data mpaka diski ijae kisha huisoma tena kuona kama imebaki ileile, ilikuwa sahihi mpaka karibu GB 60, na kuanzia hapo kila kilichoandikwa kilirudi kikiwa takataka. Ilikuwa nyepesi kuliko kawaida na haikuwa na skrubu hata moja. Nilimwonyesha muuzaji majibu ya kipimo, akanifungulia ganda lake kwa kisu mbele yangu, na ndani mlikuwa na kibao kidogo kuliko kiberiti, chenye chipu chache, na nafasi yote iliyobaki ilikuwa tupu. Nilirudishiwa fedha yangu.

Kama ningehamishia kazi zangu humo bila kupima, ningegundua baada ya miezi, siku ambayo GB 60 zingejaa, na wakati huo diski ya zamani ningekuwa nimeshaigawa. Kwenye Linux kipimo kama hicho hufanywa na programu iitwayo F3. Kinachukua saa kadhaa, na kinajaza nafasi yote iliyo wazi, basi kifanyike diski ikiwa mpya na tupu.

Dada wa Mombasa

Hamjambo nyote. Mimi nina HP Mini ya inchi 10, yenye prosesa ya Atom N270, RAM ya GB 1 na HDD ya GB 160. Mwanangu yuko darasa la sita, nataka aitumie kujifunza kuchapa na kusoma vitabu. Je, nikiweka SSD na GB 8 itafaa?

Fundi wa Kariakoo

Dada, GB 8 hazitaingia. N270 hutumia DDR2, na kikomo chake ni GB 2. Prosesa hiyo pia ni ya biti 32 tu, haina biti 64 kabisa, kwa hiyo mifumo mingi ya sasa haitakubali. Debian 12, mfumo mmojawapo wa Linux, bado ina toleo la biti 32, lakini kwenye Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, kisakinishi cha biti 32 kimeondolewa.

Ushauri wangu wa dhati ni huu: ukipata kipande cha GB 2 kwa bei ndogo, kiweke, usakinishe mfumo mwepesi, na mtoto atachapa na kusoma bila shida. Ila usinunue SSD mpya kwa ajili ya mashine hiyo peke yake. Kurasa za mtandao zitabaki nzito kwa sababu hapo mzigo uko kwenye prosesa, na SSD haitausaidia. Fedha hiyo iweke kando kwa ajili ya mashine yenye prosesa ya Core, hata kama ni ya zamani.

Dada wa Mombasa

Shukrani fundi. Nilikuwa nimeshaambiwa bei ya SSD na nilikuwa naenda kulipa kesho. Nitatafuta RAM pekee.

Mchangiaji wa Dodoma

Nami niulize, nimeweka SSD ya GB 480 lakini kompyuta inaonyesha GB 447. Je, nimeuziwa feki kama ya mwalimu?

Mleta mada

Hapana, hiyo ni hesabu tu. Kiwanda huhesabu GB moja kama baiti 1,000,000,000, na Windows huhesabu kwa 1,073,741,824. Gawanya baiti bilioni 480 kwa namba hiyo ya pili utapata 447. Kwa hesabu hiyohiyo, ya GB 240 huonyesha 223. Hata hivyo, namba inayoonyeshwa haithibitishi kwamba nafasi ipo kweli, kwa kuwa ile feki yangu nayo ilionyesha vizuri. Pima kwa kuandika na kusoma.

Mchangiaji wa Tanga

Narudi na majibu. Ilikuwa Windows ya biti 32 kama mwalimu alivyosema. Jana nimesakinisha ya biti 64 na GB zote 8 zinatumika. Nimempigia simu fundi na muuzaji, wote wawili, nikawaomba radhi. Swali la mwisho: HDD niliyoitoa niifanyie nini?

Mleta mada

Alhamdulillahi, nimefurahi sana. Kama ni nzima, inunulie kasha la USB la inchi 2.5, na itakuwa diski ya nje ya kuhifadhia nakala rudufu. Utaihitaji, kwa sababu faili lililofutwa kwenye SSD mara nyingi halirudi tena. Mfumo huiarifu SSD kwamba nafasi ile haitumiki, nayo huisafisha yenyewe, kwa hiyo zile programu za kufufua mafaili zilizokuwa zikitusaidia kwenye HDD hapa hukuta patupu. Usiifute HDD kwa mwezi mmoja, maana kila aliyehamia diski mpya hukumbuka faili moja alilolisahau. Kwangu lilikuwa folda la mitihani ya kidato cha pili, nililolikuta kwenye diski ya zamani siku ya tisa.

Na unapoihamisha diski hiyo, usiichomoe wakati sahani zinazunguka, wala usiibebe kwenye bodaboda ikiwa imechomekwa kwenye laptopu iliyowashwa. SSD huvumilia mtikisiko, lakini HDD kichwa chake kikigusa sahani hakuna fundi wa mtaani atakayekurudishia kilichomo.

Fundi wa Kariakoo

Kwa wenye X230 wanaotaka kubaki na HDD kubwa ndani, chini ya kibodi kuna sloti ya modemu ya simu ambayo hupokea SSD ndogo aina ya mSATA. Kasi ya sloti hiyo ni SATA ya gigabiti 3 kwa sekunde, nusu ya ile ya sehemu kuu yenye 6, lakini kwa kuwashia mfumo huoni tofauti. Kesho kuna mteja anakuja na yake. Nikiifungua nitapiga picha za kila hatua, hasa ya kutoa kibodi, niziweke hapa.